Herufi Isiyo na Kona

Barabara ya Kumi na Nne, nusu ya vibao ni mkono wangu:
KINYOZI. DUKA LA DAWA. TUNAUZA MKAA.
Miaka thelathini herufi hazikunikaidi,
nikizipanga zinakaa kama watoto wa chuo mbele ya maalimu.
Kisha, Mfungo Sita wa mwaka jana,
moja ikaanza kutoroka.
Niliandika KARIBNI. Mwenye hoteli akacheka.
Nikaandika SP YA PWEZA. Hakucheka tena.
U haikuja. Mkono ukifika pale unaruka,
kama mtu arukaye shimo analolijua.

Mwantumu, mke wangu, hakuniuliza.
Alinipeleka Bombo, chumba cha nyuma, siku ya Jumatano,
kwenye meza ndefu na makopo ya maziwa yaliyojaa penseli
na dada mmoja, Nyange, asiyevaa koti jeupe.
"Chora," akasema.
"Nini?"
"Mimi sijui. Mwenyewe ni wewe."
Nikaomba rula.
Rula hana.

Mama Kihiyo alichora sufuria. Wiki tatu, sufuria.
Ya nne akachora kifuniko, akalia.
Akida, kijana wa Duga, aligandamiza mkaa
hadi karatasi ikatoboka,
akalitazama lile tundu kama mtu aliyechimba kisima.
Mimi nikaandika jina langu, SINGANO,
herufi za kivuli, safi, za kuuza.
Nyange akalitazama kidogo.
"Zuri. Sasa mkono wa kushoto."

Wa kushoto! Huo wa kushikia kopo,
wa kufukuzia nzi.
Mstari ukatoka kama mlevi wa tembo anayetafuta mlango.
Niliona haya. Ningeondoka,
ila nje vuli ilikuwa inamwaga na mwavuli sina.
Nikaendelea.
Ikatoka ngazi.
Ngazi yangu ya mvule, vipandio saba,
cha nne kina msumari uliojitokeza, hata huo ulitoka.
Na pale chini, pa mtu wa kuishika,
peupe.

Nikapaka ukuta. Nikapaka anga.
Pale chini brashi ikagoma.
Nyange akauliza, kama anayeuliza bei ya vitunguu:
"Hapa husimama nani?"

Mbaruku.
Alikuwa na miaka sita nilipomwachia herufi ya kwanza aijaze.
Nilimpa U, kwa kuwa haina kona.
"Ni kikombe, baba," akasema, "nakijaza chai."
Tangu hapo kila U ya Ngamiani ilikuwa yake,
hata alipoota ndevu, hata alipojua kuandika zote,
mimi naacha nafasi, yeye anapanda.

Siku ile rangi ilikuwa nzito.
Nilimtuma tina ya kuilainisha.
Nilimwambia chukua bodaboda, wahi, jua linakausha.
Watu walisema ni lori.
Nami matanga yote nilisema ni lori,
nikipokea mikono, nikijibu, ndiyo, lori, barabara ya Pongwe.
Kumbe moyo haukuwahi kusema lori.
Ulikuwa unasema tina.
Tina, tina, kila nikichovya brashi.

Nililisema pale, kwa sauti, mbele ya sufuria na tundu.
Nyange hakusema pole. Hakusema kazi ya Mungu.
Alisogeza karatasi nyingine
na kopo la rangi ya buluu.

Kinyozi hajinyoi; niliwahi kuyaandika hayo
kwenye kioo cha kinyozi, kwa elfu nne.
Sijui kama nimepona. Usiku bado nasikia breki.
Lakini Alhamisi niliegemeza ngazi pale hotelini,
hapana aliyeishika,
nikapanda taratibu,
nikaiandika U kwa mkono wa kushoto.

Imelala upande,
kama kikombe kilichojaa mikononi mwa mtoto.
Mwenye hoteli akatoka na taulo begani.
"Singano, imepinda."
Nikamwambia ndivyo inavyoandikwa.
Akanikata elfu mbili.