Umekuja, Hukutukuta

Bwana Taherali wa Barabara ya Biashara
alikuwa akikunja doti, hanitazami.
"Tovuti ya bure? Ya bure, na haina mwenyewe?
Dukani kwangu cha bure huwa kina panya ndani."

Nikafungua kompyuta juu ya rundo la leso,
baina ya mkasi na birika la chai.
Nikamtolea gazeti analolisoma kila asubuhi,
chuo alichosomea mwanawe wa pili,
wizara iliyoikalia leseni yake miezi minne.
Kila ukurasa nikaupindua ndani nje,
kama fundi apinduavyo kanzu kukagua mshono,
na mshono ukawa ule ule:
herufi mbili na kistari,
herufi mbili na kistari,
hadi wizarani.

"Yao, na hii yangu?"
"Mshono mmoja, Bwana. Wao wamezidisha darizi."

Akanyamaza. Mwenye duka akinyamaza anapiga hesabu.
"Na huyo aliyeshona, analipwa na nani?"

Meza yangu iko Makadara, juu ya kinyozi.
Mwaka ule, kila stima iliporudi usiku,
nilikuwa natafsiri vitufe.
Tuma. Futa. Hifadhi. Rudi.
Maneno elfu na ushei, hata moja si la kutambia mtu.
Kuna bwana wa Morogoro, uso wake siujui,
tulibishana siku kumi juu ya "Hifadhi",
mpaka dada mmoja wa Bukavu akatucheka tukaona haya.

Tulipofika kwenye ukurasa usiokuwapo
niliandika asemavyo mama
mgeni akibisha hodi nyumba tupu, kisha wakaonana njiani:
"Umekuja, hukutukuta."
Bwana wa Morogoro akajibu: hicho ni Kimvita, si kitufe.
Wakaweka "Ukurasa haupatikani".
Haya. Nikabakiwa na maneno yangu mawili,
chini ya habari, pale inapokatika:
"Endelea kusoma".

Miaka miwili ikapita.
Foleni ya hospitali, benchi la chuma,
mama mmoja wa Likoni kando yangu, simu ina ufa,
anatafuta shule aliyopangiwa mwanawe.
Kidole kikashuka, kikashuka,
kikasita juu ya maneno yangu.
Nilitaka kumgusa bega.
Nimwambie nini? Mama, hayo ni mimi?
Akabonyeza. Ukurasa ukafunguka.
Akaitwa jina, akaenda zake.

Hayo sikumwambia Bwana Taherali.
Nilimwambia: "Halipwi."
Akanitazama kwa mara ya kwanza, kwa huruma,
kisha akanikata elfu mbili kwenye bei.

Nikamjengea. Pindo, mji, na jina juu,
maana leso isiyo na jina, alisema, ni shuka.
Na kwenye ukurasa usiokuwapo,
pasipopita mtu ila aliyepotea,
nikaweka yale waliyoyakataa.

Jumatano iliyofuata, simu.
"Umeandika nini kwenye tovuti yangu?"
Moyo ukanishuka.
"Kuna mteja wa Moroni kakosea njia, kaanguka humo,
kanipigia anacheka hadi anakohoa.
Anataka leso zenye jina hilo. Doti sitini."

Kimya. Nikasikia mkasi wake ukila kitambaa.

"Sasa niambie, maneno hayo nayo ni ya bure?"

Nikamwambia akamuulize mama.