Kuni Mbili

Saa kumi na moja alfajiri. Gyumri imelala chini ya theluji.
Varsenik anachungulia gunia:
unga wa siku moja,
labda na nusu, akikung'uta pembe.

Anamkumbuka yule mjane wa Sarepta,
aliyeokota kuni mbili apike, ale, afe,
na mgeni mwenye njaa akamwambia:
anza na mimi.

Dada, hukuahidiwa ghala.
Uliahidiwa pipa lisilokauka leo.

Basi kanda. Tandaza donge jembamba,
libandike kwenye ukuta wa tanuri,
nyusi zikiungua kidogo kama kawaida.
Mkate wa kwanza mpelekee Zaruhi, ghorofa ya tatu;
magoti yake yamegoma kushuka ngazi.

Ukirudi, chungulia tena ukitaka.
Usihesabu tu.