Dirisha Namba Nne

Tumekaa benchi la tatu, baba na mimi.
Karatasi ya foleni ameikunja mara nne
kama alivyokuwa akiikunja taarifa ya habari akishaisoma,
kana kwamba habari ikikunjwa inapungua makali.
Koo limeota kitu. Leo daktari atakitaja jina.

Nilipokuwa mdogo nilidhani kila nyumba ya Ilala
ina baba wawili: mmoja wa ndani ya redio
anayesema hapa ni Dar es Salaam, saa mbili kamili,
na mwingine anayerudi saa nne na nusu na viatu mkononi
kuuliza kama kuna kiporo.
Yule wa redioni hakuwahi kuomba chumvi.

Ndiye aliyesoma matangazo ya vifo.
Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo,
Mkuranga, Kilosa, Ifakara.
Neno "popote" alilisoma polepole kuliko yote.
Siku karatasi ilipokuja na jina la mama yake
alilisoma kwa mwendo uleule, akatua palipo na nukta.
Fundi mitambo alituambia baadaye:
alipomaliza alikitazama kipaza sauti
kama mtu anayesubiri chenji.

Mishahara ilipochelewa, aliigiza.
Mchezo wa Alhamisi usiku, yeye Mzee Kibaba,
mwenye nyumba anayeng'oa mlango wa mjane.
Sokoni Buguruni mama wa dagaa akaitambua sauti:
"Kwanza mrudishie Bi Staajabu mlango wake!"
Tukala mchicha wiki nzima.
Mama alicheka hadi akalia, au alilia hadi akacheka,
sikumbuki kipi kilitangulia.

Halafu barua ya kupunguzwa kazi, mistari mitano.
Aliisoma mezani kwa sauti, akasahihisha "kuripwa" ikawa "kulipwa",
akaikunja mara nne.

Akanadi vitanda Keko, mara ya kwanza, mara ya pili.
Akasherehesha harusi Magomeni, suti moja, tai mbili.
Kwenye kibanda cha video Manzese akazitia Kiswahili filamu za Kihindi:
alikuwa shujaa, jambazi, mama mkwe na ngurumo ya mvua,
peke yake, na chupa ya maji vuguvugu.
Akamfundisha mgombea udiwani kutamka "dhamana";
mgombea akashinda, dhamana haikusikika tena.
Bima ndiyo ilimshinda kuuza.
Akipiga hodi tu, watu walishika vichwa:
"Nani kafa?"

Na mchana mmoja, chumba kimebandikwa trei za mayai,
kijana wa kompyuta akamlipa elfu thelathini
ahesabu. Moja hadi kumi, makumi, mamia.
"Mteja namba." "Dirisha namba."
Hata "na" peke yake, mara tatu, achague iliyo nzuri.
Akarudi nyumbani akasema: leo nimesoma tarakimu tupu,
hakuna aliyekufa, hakuna aliyeshinda.
Tukasahau.

Sasa spika ya ukutani inakwaruza.

*Mteja namba. Mia mbili. Kumi. Tatu.*
*Dirisha namba. Nne.*

Ni yeye. Miaka kumi na tisa nyuma, ana meno yote,
pumzi ndefu kama ya mtu aliyetoka kula.
Benchini hakuna anayeinua kichwa.
Mama mmoja anamfuta mtoto kamasi.
Namtazama baba; baba anaitazama spika.

Siku hizi haongei. Anachukua daftari langu la vikoba,
anapindua ukurasa wa marejesho, anaandika
kwa mwandiko wake wa studio, herufi kubwa, nafasi pana:

NILIREKODI "NA" MARA TATU.
WAMEIPELEKA WAPI?

Anafunga kishikizo cha juu cha shati,
anaikunjua karatasi,
anakwenda anakoitwa.
Nami nabaki benchini na begi lake,
namsikiliza anawaita wengine.