Mgeni wa Mvua

Makumbusho yetu ni ghala la zamani la mbata,
Barani, nyuma ya kinu cha mahindi.
Ukiingia, pua hupata habari kabla ya macho:
mafuta ya nazi yaliyolowea ukutani,
na juu yake petroli, kama mpangaji mpya.
Pikipiki kumi na saba. Ishirini na moja
ukihesabu zile ambazo Bwana Nzaro alizifungua
na hakukumbuka tena zilivyofungwa.

Mimi ndimi mkata tikiti. Shilingi mia.
Asiye na kitu hutazama kutoka mlangoni,
na mlango, nakwambia, ni mpana.

Mzee mmoja wa Kitaliano huja kila Alhamisi.
Ana kiti chake. Hukaa mbele ya Vespa ya kijani
kama aliyekwenda kumjulia hali mgonjwa,
haongei, na saa sita huondoka.
Na siku moja mama mmoja wa Gongoni
alipandisha buibui hadi shavu la mguu,
akanionyesha kovu, duara, lang'aa kama sarafu,
kisha akainyooshea kidole ekzosi ya Honda nyekundu:
"Si hii. Lakini ni dada yake."

Huyu wa mwezi wa tano hakuja kutazama.
Mvua ilimleta, mvua isiyobisha hodi.
Abiria wake wawili walikimbilia kinuni,
yeye akasukuma bodaboda yake mpaka ndani,
ikasimama katikati ya wale wazee, yachuruzika maji,
nikashindwa kujua nimtoze mtu ama nitoze chombo.

Alitembea polepole.
Hakusoma hata kibao kimoja,
na vibao nimeviandika mimi, kwa mkono, kwa wino wa gharama.
Alisoma vyuma.
Alipoifikia BSA nyeusi, kipenzi cha Bwana Nzaro,
akapiga magoti juu ya saruji.
"Nani kasema imekufa?"
Nikamwonyesha: Haijaunguruma tangu mwaka wa tisini na mbili.
Mafundi watatu wameshindwa.
"Kibao si daktari," akasema.

USIGUSE imeandikwa mle mara nne.
Tayari spana ilikuwa nje ya mfuko.
Akaifuta plagi kwa pindo la shati,
akakwaruza pointi kwa ubavu wa kiberiti,
akanyonya petroli ya tangi lake mwenyewe kwa mpira,
akatema, akaomba radhi kwa kutema.

Teke la kwanza, kimya.
La pili lilimrudi, akashika goti.
La tatu, Bwana Nzaro alikuwa mlangoni,
mwavuli haujafungwa, mdomo pia.
La nne, kikohozi.
La tano

sijui niliandike vipi.
Popo walitoka darini wote kwa pamoja.
Vumbi la mbata lilishuka, likanukia upya.
Bwana Nzaro alisogea, akaweka kiganja juu ya tangi
kama apimaye homa ya mtoto,
na moshi ukatufukuza sote watatu mvuani,
tukasimama tukikohoa, tukiisikiliza
ikisema peke yake mle ndani, muda wa kikombe cha kahawa,
hata ikanyamaza yenyewe.

"Mrudishie mia yake," akasema Bwana Nzaro.
"La," akasema yule, "nimejikinga mvua."

Kwenye kitabu cha wageni,
chini ya Pazuri na Asanteni na Mungu awabariki,
kuna dole gumba jeusi, kisha:
Jina: Tsuma. Atokako: steji ya Maweni.
Maoni: Pointi zilikuwa chafu.

Alhamisi mzee wa Kitaliano aliingia, akasimama, akanusa.
Hakukaa.
Alikuja mpaka mezani kwangu, na kwa Kiswahili cha sokoni
ambacho sikujua anacho,
akaniuliza Maweni ni upande gani.