Redio ya Kusukumwa kwa Kiwiko

Ile ya kwanza ilikufa kwa unga.
Miaka kumi na saba kando ya sinia,
ngano ikapenya matundu ya spika,
ikaganda, ikawa koo lenye mafua,
habari za dunia zikawa zinatoka zikikohoa.
Fundi wa Langoni aliifungua, akaipuliza,
akanitazama kama daktari:
"Bi Mwanashee, hii umeikanda."

Leo nimesimama dukani kwa Taibali, nyuma ya Mkunguni,
buibui langu likinuka hamira na iliki,
na redio tatu zimepangwa juu ya kioo.

Hii ya fedha ina saa, ina kengele,
ina vitufe vidogo kama punje za ufuta.
Mustansir, mtoto wa dukani, ananisomesha:
unaandika namba, inakwenda yenyewe,
tisa, sita, nne, sifuri.
Mwanangu, namwambia, saa tisa ya usiku
mikono hii imo ndani ya donge hadi kwenye bangili.
Mimi nataka gurudumu ubavuni,
nilisukume kwa kiwiko.

Hii nyekundu ina tochi na mahali pa kadi.
Nzuri, sikatai.
Lakini masafa mafupi yake ni mafupi kweli:
niliiomba ng'ambo, ikanipa Malindi.

Ya tatu nyeusi, sura kama tofali,
inakula betri nne kubwa.
Hapo chini zote zilikuwa viziwi,
taa ya mrija inavuma, friji la soda linanguruma,
nikasema sinunui mbuzi gunia,
nipandisheni darini.
Taibali akaguna. Mustansir akabeba tofali.

Nilikuwa na waya wangu mkobani,
shaba nyembamba niliyoifumua katika feni iliyoungua.
Tukaufunga kwenye kamba ya nguo, kati ya shuka na vikoi vya watu,
nikageuza taratibu, kama mtu anayetafuta
uzi ulioponyoka kwenye tundu la sindano.
Mluzi. Mchanga. Mluzi.
Mtu anahesabu, au anauza, kwa Kichina.
Bibi mmoja anacheka kwa Kifaransa, peke yake.
Kisha, kwa mbali, Kiswahili,
Kiswahili kilichovaa koti,
kinachotamka "mvua" kama kinasoma barua ya posta.
Mustansir akaacha kutafuna ubani.

Najua. Mjukuu wangu Nadhiri ameshaniambia:
nyanya, yote hayo yamo kwenye simu.
Yamo, mpaka bando liishe.
Tena simu humnong'oneza mmoja,
na mimi sisikilizi peke yangu.

Ng'ambo ya kichochoro, upana wa punda na mzigo wake,
liko dirisha la Bi Zuena.
Tangu alipovunjika nyonga halali.
Hajaniambia hata siku moja kuwa anasikiliza.
Ila mchana, akinunua mahamri yake manne, husema tu:
"Yule wa jana jina la mji kalikosea."
Redio ilipokufa, usiku kumi na mmoja
dirisha lile lilibaki limefungwa.
Naye akanunua mawili.

Mustansir alinipa visikizi vya bure. Nikavirudisha.
Elfu tatu na mia nane; nikaomba mia tatu zishuke,
Taibali akaapa, akashika kifua, akatoa betri.

Saa tisa. Donge limeumuka vizuri kuliko jana.
Tofali liko rafuni, limevikwa mfuko wa nailoni,
safari hii nimejifunza.
Nikasukuma. Mchanga, mluzi, Kichina,
kisha yule wa koti, na bei ya ngano ya nchi za watu.
Ng'ambo, komeo likalia.
Sikugeuka.
Niliongeza sauti kidogo, kwa kiwiko,
nikaendelea kukata pembe tatu.