Vifungo vya Kijani

Kwetu jina ni hesabu.
Masika, Biira, kisha mimi, Kabugho,
msichana wa tatu wa mama yangu.
Hospitalini Kilembe nina hesabu nyingine,
kalamu nyekundu juu ya faili
lililonenepa kuliko mimi.
Shuleni ni Macho-Manjano tu.
Kitanda kilicho jirani na changu hakilaliwi,
wanasema usiku nawaka.

Yeye alikuja kwa dirisha la wodi
mwezi wa tano, Nyamwamba ikisaga mawe.
Hakugonga. Maji hayagongi.
Suruali ya sare imekunjwa magotini,
kucha kijani, kijani cha shaba
inayovuja kutoka mgodi uliofungwa.
"Nawe ulichukuliwa lini?"
"Na nani?"
"Na mto. Macho yako ni ya kwetu."

Nilicheka mpaka mbavu zikanikumbusha.
Mimi mzima, nikamwambia.
Yaani, si mzima. Ni hai.
Kati ya maneno hayo mawili pana mlango,
nami naishi kizingitini.

Damu yangu, nikamweleza, ina mundu:
seli zimepinda kama mwezi wa siku ya pili,
zikipigwa na baridi hushikana mikono,
njia huziba, mfupa hulia.
Hakusema pole. Kila mtu husema pole.
Aliuliza, "Miezi mingapi?"
"Mamilioni."
"Basi una usiku mkubwa sana ndani yako."

Thembo. Miaka kumi na sita,
haijasogea tangu mafuriko yale.
Alikaa miguuni pa kitanda, mablanketi mawili kati yetu,
akinisimulia reli zilizolala chini ya mlima.
Mimi nilimsomea kemia;
aliishia sura ya tatu, na ilimkera.

Usiku wa nne akasema,
"Njoo. Kule hakuna mfupa unaouma."
"Kule nitakuwa nani?"
Akafikiri. Mto nao ukafikiri.
"Wa mto. Kama sisi sote."

Nimehesabiwa na mama,
nimehesabiwa na faili,
sikutaka kumiminwa.

Ila nilimbusu. Bei ya baridi naijua,
nilishailipa kwa mvua, kwa maji ya kuogea,
kwa vitu visivyokuwa na midomo.
Ladha ya sarafu.
Nikamvika sweta yangu, iliyokuwa ya Biira,
akaondoka ameivaa vibaya, mshono nje.

Siku tatu, nyundo kwenye nyonga.
Dripu. Mofini ya kunywa, chungu kama deni.
Siku ya nne nesi Ithungu akaikuta dirishani
imelowa chapa,
vifungo vyote vimegeuka kijani.
"Ya nani hii?"
"Yangu. Aliivaa mvulana."
Akanigusa paji la uso,
akaandika: homa.

Naivaa hivyo hivyo bwenini.
Wakiuliza, nasema jina langu kwanza.
Kifungo cha pili kutoka juu
hakifungi.