Pua ya Bi Somoe

Tangu ile homa ya Machi pua yangu ni pambo,
mlango uliosalia kwenye nyumba iliyobomoka.
Vitunguu vikiungua, sijui. Ndimu, sijui.
Kwa hiyo Jumamosi, Sabasi Nambunga akichinja
kule nyuma ya gereji, hapa Ndanda,
mimi huchagua kwa macho:
wekundu wa waridi usio na kijivu,
mafuta meupe kama chokaa mpya.
Nabonyeza kwa kidole. Nyama nzima hurudi juu.
Iliyochoka hubaki na shimo, kama godoro la gesti.

Kilo mbili.
Moja nikaigawa vifurushi, nikaitia friza,
kila kifurushi mlo mmoja,
maana kilichoyeyuka hakirudi kulala.
Nyingine bakulini, mfuniko juu, rafu ya chini kabisa,
chini ya mchicha, chini ya nyanya,
damu isije ikamdondokea asiyehusika.
Nikaandika kwa chaki mlangoni mwa friji:
Jumatatu mwisho.

Jumapili umeme ukakatika kabla ya misa ya pili.
Ukarudi jogoo la kwanza,
bila salamu, bila kusema ulikolala.
Friji ikanguruma kama vile haikuwahi kunyamaza.
Vifurushi vya friza vilikuwa bado mawe.
Lakini bakuli, nililigusa, lina uvuguvugu wa kwapa.
Chaki ilisema bado. Chaki haijui umeme.
Nyama imepauka? Au ni taa?
Nikagusa: utelezi,
na uzi mwembamba kama wa bamia
ukafuata kidole.

Mama mkwe akasema, chemsha na ndimu, moto huua yote.
Moto humuua nyoka, mama,
sumu aliyokwisha kuitema inabaki.
Festo alishashika sahani.
Onja kidogo, akasema, utajua.
Kuonja!
Kama kupima kina cha kisima kwa kuingia.

Nikatoka na bakuli hadi kwenye ua wa makuti.
Upande wa pili Bi Somoe anapepeta choroko.
Maisha yake yote hajaigusa nyama hii,
hata jina hulizunguka: yule mdudu wenu.
Sikusema kitu. Nilifunua tu,
upepo ukitoka kwangu kwenda kwake.
Ungo ukasimama.

"Akwilina, kamwage.
Juzi alikuwa mdudu tu. Leo ni maiti."

Tulichimba nyuma ya migomba, shimo la kufika gotini,
kwa ajili ya mbwa wa Nambunga.
Festo aliililia ile elfu kumi na mbili
kuliko alivyomlilia babu yake.
Nikasugua bakuli, rafu, kisu, ubao,
maji ya moto na sabuni,
nikanawa hadi viwiko
kama mtu anayetoka mazikoni.

Jioni mkono ukapenya kwenye makuti,
umebeba choroko zilizoungwa kwa nazi.
Nikashukuru. Harufu yake sikuipata,
ila mvuke ulinigusa uso.

"Kula na wanao," akasema Bi Somoe.
"Na hicho kibakuli
usinirudishie."